Ushuhuda wa Wafiwa wa Askari

Kuna vifo tunavyovitangaza kanisani kwa sauti, na kuna vifo tunavyovinong'ona. Askari wetu wa JWTZ waliokuwa wakilinda amani mashariki mwa Kongo walipouawa kule Semuliki, Desemba 7, 2017, taifa zima liliomboleza pamoja na familia zao. Kaka yangu naye alikuwa askari. Alistaafu kwa heshima, akarudi Hombolo kulima mtama na zabibu, na miaka michache baadaye akafa kwa kujiua. Watu walikuja msibani, kwa maana kwetu Ugogo hakuna anayeachwa azike peke yake. Lakini walikaa kimya. Baadhi walisema ni laana, wengine wakasema asiombewe.

Ndugu msomaji, ninaandika kwa ajili ya familia zenye msiba wa namna hii, na kwa ajili ya kanisa linaloketi nazo. Naamini sisi wafiwa tunabeba habari ambazo daktari hana, na kuzitoa kwa watafiti waaminifu ni huduma kama huduma nyingine zote za kanisa.

Baada ya kuanua matanga, mama yetu aliomba tukae pamoja na mchungaji, kila mmoja aseme anachokijua. Wifi yangu alisema mumewe alikuwa hapati usingizi. Alikuwa akikaa mlangoni hadi alfajiri. Mwalimu wa kwaya alisema aliacha sauti ya nne bila kuaga. Rafiki yake waliyetumikia pamoja alisema tangu avue sare alijiona hana tena anayemhitaji. Kijana wa jirani alisema marehemu alikuwa amegawa mbuzi wake mmoja baada ya mwingine. Mama alisema siku za mwisho alikuwa mpole kuliko kawaida. Mimi nikaandika yote katika daftari. Kila mmoja alikuwa na kipande kimoja tu, na usiku ule vipande viliwekwa mahali pamoja kwa mara ya kwanza.

Baadaye nilijifunza kwamba hivyo ndivyo watafiti wanavyofanya. Huketi na mjane, mzazi, rafiki na mkubwa wa kazi wa marehemu, wakiuliza juu ya usingizi, maumivu, pombe, madeni, ugomvi na maneno yake ya miezi ya mwisho. Kisha hulinganisha familia nyingi, wakitafuta yale yanayojirudia, ili waliobaki hai wasaidiwe mapema. Jeshi la Marekani lilianza mwaka 2009 utafiti mkubwa wa afya ya akili ya askari, na sehemu yake mojawapo iliwahoji ndugu wa askari waliojiua. Nchini Australia, akina mama waliofiwa na watoto wao askari waliidai serikali ichunguze, hadi tume ya kitaifa ikaundwa mwaka 2021. Wafiwa wengi walitoa ushahidi mbele yake. Ripoti ya mwisho ilitoka Septemba 2024 ikiwa na mapendekezo 122, na mengi yanagusa kipindi ambacho askari anaacha kazi na kurudi uraiani. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule rafiki wa kaka yangu na neno lake kuhusu sare.

Mtu asidhani jambo hili ni la kigeni. Hapa Tanzania, kuanzia mwaka 1992, wahojaji walipita katika nyumba zenye msiba huko Hai, Morogoro na Dar es Salaam, wakiwauliza wafiwa dalili alizokuwa nazo marehemu kabla ya kufa, kwa sababu wengi walikuwa wamefia nyumbani bila kuonwa na daktari. Takwimu za namna hiyo zilizisaidia halmashauri za Morogoro na Rufiji kupanga upya fedha za afya, na vifo vya watoto vikapungua sana. Wale wazazi waliojibu maswali hawakurudishiwa watoto wao. Lakini watoto wa wengine waliishi.

Maandiko nayo hayakuficha kifo cha askari. Sauli, mfalme na mpiganaji, alikufa kwa mkono wake mwenyewe mlimani Gilboa. Kitabu cha Samweli hakianzii siku ile ya mwisho. Kinatueleza miaka mingi ya huzuni yake, hasira zake, hofu zake, na jinsi kinubi cha Daudi kilivyompa nafuu. Naye alipokufa, watu wa Yabeshi-Gileadi walitembea usiku kucha kuuchukua mwili wake, wakamzika, wakafunga siku saba. Daudi akamwombolezea. Hawakumnyima heshima, na habari zake zikaandikwa ili zisomwe na vizazi.

Sisi watu wa Hombolo tunajua pia jinsi aibu inavyoongeza ugonjwa. Hapa kanisa liliwahudumia watu wenye ukoma wakati ambapo ndugu zao waliogopa hata kuwataja. Leo ukoma unatibika kwa dawa, na anayejitokeza mapema hupona bila kulemaa.

Najua kinachotufunga midomo. Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo huwashika hata wafiwa. Familia za askari huogopa pia kwamba zitatoa siri za kazi. Lakini mtafiti anauliza habari za mtu na maisha yake ya nyumbani. Hahitaji siri za kambi.

Basi mtafiti akija, msimfukuze, wala msimfungulie kila mlango bila kuuliza. Mwombeni kibali cha maadili, kama kile kinachotolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwulizeni majina yatafichwaje. Mna haki ya kukataa swali, na ya kusimama katikati. Msiharakishe; acheni kwanza machozi ya msiba yatulie. Awepo mtu wa kukaa nanyi mahojiano yakiisha, mchungaji au mama wa kanisa, maana kidonda hufunguka. Nanyi semeni pia yale yaliyompa marehemu nafuu, kwa kuwa hayo nayo yanaokoa.

Daftari letu lilisomwa na muuguzi mmoja wa hapa karibu, kwa ruhusa ya mama na wifi. Aliniambia kwamba tangu hapo, mstaafu akija kupima presha, humwuliza pia analalaje. Mama alipopewa habari hiyo alisema, "Mwanangu bado anafanya kazi."

Na wewe unayesoma huku umechoka kuishi, usingoje utafiti wowote. Mwambie mtu leo: mwenzi wako, mchungaji wako, muuguzi wa zahanati. Hospitali ya Mirembe iko hapa hapa Dodoma, na kwenda huko si kukosa imani. Eliya alipoomba afe, Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha akampa mwenzake wa safari.