Jumatatu Si Siku ya Tatu

Baada ya mtihani wa S.4 wanafunzi hukaa nyumbani miezi kadhaa wakingoja majibu. Wengine hufyatua matofali, wengine huuza katika duka la wazazi, na wengine hulala tu. Mimi niliamua kujifunza Kichina. Wenzangu walionicheka wakati ule wameniomba nieleze katika gazeti letu jinsi mambo yalivyokwenda, nami nitaeleza yote, hata yale ya kunitia aibu.

Kijiji chetu kiko karibu na mji wa Mukono, na si mbali nasi kuna kiwanda cha Wachina. Tangu mwaka 2019 Kichina hufundishwa katika baadhi ya shule za sekondari za Uganda, lakini shuleni kwetu hakifundishwi. Basi dada yangu mkubwa akaniazima simu yake ya zamani, nikaweka ndani yake programu ya kujifunzia lugha, nikaanza.

Siku za kwanza zilikuwa tamu. Neno nililolishika upesi ni chá, nalo ni chai yetu hii hii. Lilitoka China, likapita Uajemi, hata likatufikia sisi. Hesabu nayo haikunisumbua. Kumi ni shí, moja ni yī, na kumi na moja ni shíyī. Miezi wanaihesabu kama sisi: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mpaka wa kumi na mbili. Tena wana jambo linalofanana kidogo na ngeli, kwa maana kitabu huhesabiwa kwa neno běn, karatasi kwa zhāng, na mtu kwa gè. Aliyezoea kusema kitabu kimoja na mtu mmoja hawezi kushangaa sana.

Taabu ilikuwa katika sauti. Kichina kina sauti nne, na neno likipandishwa au likishushwa hugeuka maana. Mǎi, ikizama kisha ikainuka, ni kununua. Mài, ikishuka kwa nguvu, ni kuuza. Sisi tusemao Kiganda hatukustahili kuogopa, maana Kiganda nacho kina sauti za juu na za chini. Hata hivyo nilizipita haraka. Kila nilipobonyeza jibu la kweli simu ililia kwa furaha, na kila siku ilinihesabia siku nilizosoma bila kukosa. Nilipofika siku ya arobaini nilitangaza kijijini kwamba najua Kichina.

Tangazo hilo likamfikia jirani yetu, mzee mmoja askari mstaafu, mwenyeji wa Arua, ambaye kijiji kizima humwita Afande. Kiganda hakijui vizuri, husema nasi Kiswahili alichojifunza jeshini. Alikuwa amepanda kabichi ya Kichina, ile wanayoiita báicài, akitumaini kuliuzia jiko la kiwanda. Siku ya Ijumaa akaniita.

"Kijana, nasikia wewe unajua Kichina. Twende ukanisemee."

"Twende, Afande," nikamjibu, na kifua kikanijaa.

Mpishi akatutokea langoni. Nikamwambia kwamba mzee huyu anataka kuuza mboga. Lakini kinywani mwangu mài iligeuka mǎi, nikawa nimesema kwamba mzee anataka kununua. Mpishi akatazama gunia la mboga begani kwa Afande, akacheka sana. Tukasaidiana kwa mikono mpaka akafahamu. Bei akaiandika katika simu yake, Afande akaikubali. Kisha mpishi akasema maneno mengi, nami nikadaka moja tu: xīngqīsān. Akainua vidole vitatu. Sān ni tatu, hilo nilikuwa na hakika nalo. Nikamgeukia Afande nikamwambia, "Watakuja na gari shambani Jumatatu."

Jumapili jioni Afande na mkewe wakavuna, nami nikawasaidia. Tulijaza magunia manane. Jumatatu tukangoja mpaka jua likachwa, gari halikuja. Jumanne majani yakaanza kulegea. Jumatano asubuhi, yapata saa tatu, gari likaingia shambani. Mpishi akafungua gunia, akaminya majani, akatikisa kichwa. Akachukua magunia mawili ambayo ndani yake mlikuwa na nafuu. Sita yaliyobaki wakapewa nguruwe wa jirani.

Usiku ule niliifungua simu nikalitafuta somo la siku za wiki. Nilikuwa nimelipita bila kosa hata moja. Xīngqī ni wiki, na xīngqīsān ni siku ya tatu ya wiki, lakini Wachina huanza kuhesabu kutoka Jumatatu, nayo huiita ya kwanza. Siku yao ya tatu ni Jumatano. Sisi katika Kiswahili twahesabu kutoka Jumamosi. Na Kiganda kingaliniokoa, maana kwetu Jumatano ni Lwakusatu, yaani siku ya tatu, sawasawa na Wachina! Ila mimi nilijifunza kwa Kiingereza, nikichagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa. Sikuwahi kulichukua neno lile kwa kinywa changu na kumpelekea mtu ambaye atavuna shamba lake kwa kuniamini.

Wasomaji, nisingalisema kitu, hakuna ambaye angalijua. Afande alikuwa akiwaambia watu dukani kwamba Wachina hawana ahadi, na watu walimwunga mkono. Siku mbili nilinyamaza. Siku ya tatu niliona kwamba mpishi anachafuliwa jina kwa kosa langu, na tena Afande amekwisha kuapa kwamba hatawauzia kamwe. Nikaenda kwake asubuhi, nikamweleza.

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniuliza, "Mbona hukumwuliza mara ya pili?"

"Niliona haya, Afande. Nilikuwa nimekwisha kujisifu."

"Jeshini," akasema, "mtu akipewa habari ya kupeleka, huirudia mbele ya aliyempa. Asipoirudia hatoki hapo. Wewe ulitoka tu." Akainuka. "Kesho njoo na jembe."

Nililima kwake wiki tatu, sikudai senti. Kwanza, hata hivyo, tulirudi wote wawili kwa mpishi. Mara hii nilichukua kalenda ya ukutani. Nikamwuliza, "Xīngqījǐ?" yaani siku gani ya wiki, naye akaweka kidole juu ya Jumatano. Nikasema xīngqīsān, akanisahihisha, nikasema tena. Afande naye akasema, "Jumatano," akaweka kidole chake pale pale. Ndipo tukaondoka.

Tangu hapo gari lilikuja kila Jumatano, nami nilikuwapo. Mpishi alinifundisha mài yangu mpaka akaacha kucheka. Siku mojawapo nilikumbuka kwamba sikuifungua programu kwa juma zima, na hesabu ya siku zangu imerudi sifuri. Haikuniuma. Sikuiacha, maana ndiyo iliyonipa maneno ya kuanzia, na asiye na mwalimu karibu atapata faida kwayo. Lakini ilikuwa imenisifu kila siku, nami nilizichukua sifa zile nikadhani ndiyo lugha yenyewe.

Sasa niko S.5, na simu haziruhusiwi shuleni. Nina daftari moja ambalo ndani yake naandika maneno ya Kichina, na mbele ya kila siku ya wiki nimeandika Kiswahili chake na Kiganda chake. Likizo ijayo nitakwenda tena shambani kwa Afande. Ameniambia amepanda mistari mingine kumi, na kwamba mkalimani wake nitakuwa mimi, mradi nikumbuke kuirudia habari kabla sijatoka.

Mwanafunzi wa S.5