"Yetu" ni ya watu wangapi?

Katika barua ya mwezi wa tatu 1901, Albert Einstein alimwandikia mchumba wake, Mileva Marić, juu ya utafiti wa mwendo linganishi, akauita kazi yao wawili. Neno hilo moja, "yetu", linawagombanisha wasomi tangu barua zao zilipochapishwa mwaka 1987. Wengine wanaliona kuwa ushahidi kwamba Mileva alishiriki katika makala maarufu za 1905. Wengine wanajibu kwamba mwenye mapenzi husema "yetu" hata kwa kilicho chake.

Mimi si mwanafizikia. Ninasoma lugha za Kiafrika, na kilichonivuta ni hicho kimilikishi. "Yetu" inasema wenye kitu ni zaidi ya mmoja, lakini haipimi. Shamba ni letu hata kama mmoja alilima na mwenzake alikaa kivulini.

Yaliyo hakika ni haya. Mileva alizaliwa mwaka 1875 huko Titel, katika Serbia ya leo. Mwaka 1896 aliingia Politekniki ya Zurich, nchini Uswisi, kusomea hisabati na fizikia, mwanamke peke yake katika kundi la Einstein. Alianguka mtihani wa mwisho mwaka 1900, akaanguka tena 1901 akiwa na mimba. Walioana 1903, wakaachana 1919. Hakuna makala ya fizikia yenye jina lake, na barua nyingi alizomwandikia Einstein zimepotea.

Jioni moja nilimsimulia yaya yangu habari hizi, yeye akitwanga sombe. Akaniuliza: "Na kwenye memwari yako, umeandika nini juu yangu?"

Nikanyamaza. Memwari yangu inahusu majina ya ujamaa katika Kisanga. Nilirekodi wazee kwa simu, lakini aliyeyaandika mazungumzo neno kwa neno, akitenga toni za juu na za chini, ni yaya. Yeye alilelewa na nyanya kijijini. Mimi nilikulia Lubumbashi, na Kisanga changu ni cha kusikia tu. Minervali ilipokosekana, yeye ndiye aliyetoka shuleni. Kaye zote tatu zina mwandiko wake.

Nami niliandika: "Tulinukuu mazungumzo." Wasomaji wa jarida hili wanaijua "tu" hiyo. Ni adabu ya chuo: mwandishi ni mmoja, anajiita wengi. Kwa hiyo hata nilipoandika wingi, kila msomaji angehesabu mtu mmoja. "Yetu" ya Einstein huenda ilikuwa ya mmoja au ya wawili. "Tu" yangu ilikuwa ya wawili kweli, nami nikaitumia kumficha mmoja.

Kesi ya Mileva siwezi kuiamua. Ya kwangu, shahidi wake alikuwa mbele yangu na mchi mkononi.

Nimefuta "tulinukuu" katika sura ya mbinu, nikaweka jina la yaya na kazi aliyoifanya. Msimamizi wangu aliuliza kama ukurasa wa shukrani hautoshi. Nilimjibu kwa heshima kwamba shukrani ni za waliosaidia, na huyu alifanya.

Nilimwonyesha yaya ukurasa huo. Aliusoma polepole, kisha akanisahihisha herufi moja katika jina lake.