Nilichagua Wasiohama

Kosa ni langu, na halikutokana na kutojua. Nilijua.

Miaka michache iliyopita niliajiriwa na utafiti wa kifua kikuu, wa wataalamu wa Ulaya na wa Kampala, kuandikisha wagonjwa hapa Oli, Uganda, karibu na mpaka wa Congo. Masharti yalikuwa mawili. Achukuliwe mtu atakayekuwepo hadi ufuatiliaji uishe. Asiyefaa aandikiwe barua ya kwenda kupimwa, maana kikohozi chake ni kilekile, awe kwenye utafiti au asiwe.

Sharti la kwanza nililishika kupita kiasi. Watafiti wana sababu yao: dozi ya miezi 6 tunayomeza leo ilitokana na majaribio ya miaka ya 1970 ya Waingereza pamoja na hospitali za Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia, na kama wagonjwa wale wasingefuatiliwa hadi mwisho, nani angejua kwamba dawa ya rifampisini inafupisha tiba iliyokuwa ikichukua hata mwaka mmoja na nusu? Basi kila aliyesema anafuata vitenge Ariwara, upande wa Congo, au ana ndugu ng'ambo ya mpaka wa Koboko, nilimwandikia "hafai". Ile barua ilikuwa ukurasa mzima wa kujaza, foleni ndefu, jua kali. Nikawa nasema tu, "Nenda hospitali, mama." Barua sikuandika.

Takwimu zangu ziling'aa, nikasifiwa mbele ya wageni na kupewa begi. Nililitembeza mjini kama mkurugenzi.

Baadaye nilimkuta muuza vitenge mmoja kwenye benchi la kliniki ya TB, amekonda hata sikumtambua. Yeye alinitambua. "Si wewe uliyeniambia sifai?" Hakukasirika. Alikuwa ananitambulisha kwa binti yake, ambaye naye alikuwa ameanza dawa. Nikaketi. Uganda na Congo zote zilikuwemo katika orodha ya WHO ya 2021–2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, na mimi nilikuwa nimewachuja wale wanaolala leo huku, kesho kule. Ndio tuliokuwa tunawatafuta.

Mama alimaliza dozi, akapona. Mtaji ulikuwa umekwisha. Binti alirudia darasa.

Nilimweleza msimamizi wangu. Akauliza, wengine wako wapi? Nikarudi kwenye fomu. Tuliowapata walipimwa. Fomu nyingi hazikuwa na namba ya simu. Sikuona haja ya kumwomba namba mtu asiyefaa.