Kihema cha migomba nyuma ya jiko, Bukoba

Ukitoka Bukoba mjini kuelekea Maruku, kiliko kituo cha utafiti wa migomba, barabara inapita katikati ya vibanja. Nyumba zenyewe huzioni vizuri. Unaona migomba, chini yake mibuni, chini ya mibuni maharage, na moshi wa jiko unaopenya kwenye majani. Kwa Mhaya, kibanja ni ghala na ni urithi wa watoto.

Ndiyo maana mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, ulikuwa pia habari ya jikoni. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zimeoza, na shina likikatwa linatoa uteute wa manjano. Dawa ya kuuponya hakuna. Mgomba unang'olewa, na familia inabaki na ardhi tupu na watoto wanaotaka kula.

Zamani ungeomba machipukizi kwa jirani. Ni desturi nzuri ya ujirani, lakini ndiyo hiyo iliyosaidia kusafirisha ugonjwa kutoka shamba hadi shamba. Siku hizi baadhi ya kaya na vikundi huzalisha miche kwenye kihema: fremu ya mbao iliyofunikwa nailoni inayopitisha mwanga, ikiwa chini ya kivuli. Ndani kuna vumbi la mbao lililopikwa kwa mvuke. Tunguu la mgomba humenywa hadi likawa jeupe, huzamishwa kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 kuua bungua na minyoo ya mizizi, moyo wake huharibiwa kwa kisu, kisha hufukiwa humo. Baada ya wiki tatu hivi, vichipukizi vinaanza kuchomoza. Tunguu moja linaweza kutoa zaidi ya 20. Ukiinua nailoni, joto lenye unyevu linakupiga usoni kama umefunua sufuria ya ndizi.

Miche hiyo huvutia macho, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika. Maji ya moto hayaondoi mnyauko uliokwisha kuingia ndani ya tunguu. Tunguu lazima litoke shamba lisilo na ugonjwa. Muulize muuzaji bila aibu alitoa wapi.

Kuhamisha ndiko kunakoua miche mingi. Kichipukizi kikiwa na majani matatu hivi na mizizi yake, hukatwa kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto na kupandwa kwenye kiriba chenye udongo na samadi iliyooza vizuri. Kimezoea hewa yenye unyevu; ukikitoa moja kwa moja juani, jioni utakikuta kimelala. Mzazi aliyewahi kulea mtoto njiti ataelewa haraka. Viriba hukaa kwanza kwenye kivuli kizito na kumwagiliwa, kisha kivuli hupunguzwa kidogo kidogo kwa mwezi mmoja hadi miwili, mvua zikisubiriwa. Wenye haraka hupoteza nusu ya kazi yao.

Kujaza viriba ni kazi ambayo watoto huipenda. Waacheni, ila wanawe mikono kwa sabuni baada ya kushika samadi, na wasikaribie lile pipa la maji yanayochemka. Wengine husafisha visu kwa dawa ya kufulia yenye klorini, kisha huimimina iliyobaki kwenye chupa ya soda. Hiyo ni hatari kubwa kuliko bungua: mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Moto unatosha kwa kisu.

Shambani, mche huingia kwenye shimo pana lenye samadi, hatua tatu au zaidi kutoka kwa mwenzake. Mkungu wa kwanza huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kipindi hicho chote akina mama hupanda maharage na mchicha kati ya mistari, na kwa afya ya mtoto si hasara: ndizi hushibisha, lakini protini na madini ya chuma yaliyomo ni kidogo. Maharage hukomaa kwa miezi mitatu hivi, migomba ikiwa bado haijafika kiunoni.