Paji Lisilokunja Ndita

Waliokiita kipandauso walikijua vyema. Hakiumi kichwa kizima kama ifanyavyo malaria, hupanda. Kwangu huanzia shingoni, upande wa kulia, hukwea nyuma ya sikio hadi jichoni, na huko hutia nanga. Kilinianza Unguja nikiwa na miaka 14, na wazee hawakuchoka kunitafutia dawa: nilipigwa chuku, nikanywa kombe, nikakazwa kitambaa kipajini. Siku hizo kilikuja mara moja kwa mwezi kikaenda zake. Nilipofika miaka 30, nikiwa nimeshahamia London, kilikuwa hakiondoki tena.

Matabibu wana kipimo chao. Anayeumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na angalau 8 kati ya hizo zikawa za kipandauso chenyewe, huyo maradhi yake ni sugu. Mimi nilikuwa na siku 22. Hesabu hiyo, hata hivyo, haisemi kinachopotea. Zilitangulia harufu. Asumini na udi, ambavyo kwetu ndivyo harusi yenyewe, viligeuka maadui. Usiku wa harusi ya mdogo wangu nililala chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa kanga, na kila kigelegele kikinipiga kama fimbo. Kisha yakaondoka mashairi. Mizani huhesabiwa kwa sikio, na sikio langu lilikuwa limeshikwa na kitu kingine: nikifika ya sita au ya saba, mshipa wa panjani hudunda na hesabu ikavunjika. Kwa miaka minne sikumaliza hata ubeti mmoja.

Aina tatu za vidonge ziliposhindwa, kama utakavyo utaratibu wa Uingereza tangu 2012, nilipelekwa kwenye sindano. Dawa yenyewe ni sumu, ile ile wachomwayo watu wa filamu ili wafute makunyanzi. Hutolewa na kijidudu kimeacho katika chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mtu wa kwanza kuieleza kwa kina, katika miaka ya 1820, alikuwa Justinus Kerner, tabibu wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani, aliyechunguza vifo vya watu waliokula soseji zilizoharibika. Aliionja hata yeye mwenyewe, na akaandika kwamba huenda kiasi kidogo chake kikaja kutuliza neva zilizochachamaa. Furaha yangu ilipita kiasi nilipojua kwamba Kerner alikuwa pia mshairi, na kwamba beti zake zilitiwa muziki na Robert Schumann. Shangazi yangu, nilipomsimulia kwa simu, hakuuliza habari za ushairi. Aliuliza soseji zilikuwa za nyama gani.

Sindano ni 31, na hurudiwa kila baada ya wiki 12: saba kwenye paji na baina ya nyusi, nane kwenye mapanja, sita kisogoni, nne shingoni, sita mabegani. Za kwenye paji hutoa mlio wa mchanga unaokanyagwa. Ili nisiruke, nilizihesabu kama mizani: nane za ukwapi, nane za utao, mshororo umetimia, nane tena, kisha saba. Mara ya kwanza nilibaki nimekaa, nikingoja ya 32.

Baada ya duru ya pili, siku 22 zilikuwa zimeshuka hadi 9, na beti zikarudi. Ila sumu ile hulegeza misuli. Paji langu likawa laini kama yai lililomenywa, wala halikuweza tena kukunja ndita.

Mama alifariki wiki ya nne baada ya sindano. Nilipofika Unguja nilimkuta keshazikwa, nikakaa na wanawake matangani. Machozi yalinitoka kama yanavyomtoka kila mfiwa, lakini juu ya macho uso ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyepitiwa na usingizi mtamu. Nilimsikia mgeni mmoja akinong'ona kwamba Ulaya imenikausha. Shangazi yeye hakunong'ona. Alinivuta ukumbini, akaweka kidole gumba baina ya nyusi zangu, pale mama alipokuwa na ndita mbili za kusimama ambazo nami nilizirithi.

"Mwanangu, za mama yako umezipeleka wapi?"

Nikamwambia ni ile dawa.

"Ya kichwa au ya msiba?"

Niliporudi London siku ya miadi ikawadia, nikamsimulia muuguzi. Akasema za baina ya nyusi angeweza kuziacha, ila asingeweza kuniahidi lolote juu ya maumivu. Mkobani nilikuwa na beti 11 za kumlilia mama, na ya 12 iliyokatikia njiani, kwani dawa ilikuwa inaisha nguvu na jicho la kulia lilikuwa limeshaanza kugonga. Nikafumba macho, nikamwambia achome zote. Nikaanza kuhesabu.