Sayansi ya Mtihani na Sayansi ya Nyumbani

Kijana anayejiandaa kuingia jeshini hukimbia alfajiri, hunyoosha viungo, na jioni hukariri majibu: maji huchemka kwa nyuzi 100, mbu huambukiza malaria, mwanga huenda kasi kuliko sauti. Lakini aliyekariri jibu bila kujua sababu yake hukwama mara swali linapogeuzwa kidogo.

Mitihani ya namna hii hupatikana katika majeshi mengi. Huko Marekani mtihani uitwao ASVAB ulianza kutumiwa mwaka 1968. Katika mtihani wake wa karatasi, sehemu ya Sayansi ya Jumla ina maswali 25 ya kujibiwa kwa dakika 11. Alama zake haziingii katika hesabu inayoamua nani aandikishwe. Hutumiwa wakati wa kupanga kazi, kama vile uganga au ufundi wa mitambo. Muda huo ni mfupi mno kwa mtu anayetafuta sababu kwa mara ya kwanza.

Sababu hizo zimejaa nyumbani. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi pwani, mathalani Mombasa. Katika milima ya Kabale, ambako hewa ni nyepesi na haiyakandamizi maji sana, huchemka chini ya nyuzi 95. Joto hilo linatosha kuua vijidudu vya kipindupindu, lakini maharage huchelewa kuiva. Mke wa askari aliyehamishwa kutoka bondeni kwenda mlimani huligundua jambo hilo kwa kuni zinazomwishia.

Vivyo hivyo radi. Sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Mtoto akihesabu sekunde tatu baina ya umeme na ngurumo, radi imepiga umbali wa kilometa moja hivi. Askari aonaye mmweko wa mzinga kisha akasikia mlio wake hupima umbali kwa hesabu iyo hiyo.

Swali moja, hata hivyo, halingoji chumba cha mtihani. Usiku wa baridi, mama huliingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili watoto wapate joto. Kijana aliyeelewa somo lake humwambia, "Mama, tafadhali tulitoe jiko nje."

"Mbona halitoi moshi, mwanangu? Makaa yameshakolea."

Hapo ndipo kukariri kunapokosa la kusema. Makaa yaliyokolea hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mwili hukosa oksijeni, kichwa huuma, usingizi huwa mzito, na jamaa nzima huweza kufa bila hata mmoja kuamka.

Yafaa basi mzazi amwulize mwanawe "kwa nini?" kila jioni: kwa nini mfuniko huharakisha mapishi, kwa nini nguo hukauka upesi penye upepo. Kijana aliyezoea kulijibu swali hilo mbele ya wadogo zake hatalihofia mbele ya msimamizi. Na wadogo zake watalala salama, madirisha yakiwa wazi na jiko likiwa nje.