Wagonjwa wa Mukuru

Wagonjwa wa kwanza kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru walifika kwa miguu yao wenyewe. Ilikuwa Novemba 2000, nami nilikuwa nesi kijana jijini Nairobi. Walilalamikia kichwa na tumbo; baadhi wakaambiwa mlangoni warudi nyumbani walale, pombe iwatoke. Saa zile ndizo zingewaokoa. Nikizikumbuka mpaka leo, moyo huniuma.

Walikuwa wamekunywa kumi kumi, yaani changaa, pombe kali ya kienyeji, ya bei ya chini kabisa, iliyotiwa methanoli. Methanoli huyeyusha rangi na vanishi viwandani. Ni angavu kama maji, na harufu yake inakaribiana mno na ya pombe, hata mnywaji hawezi kuishuku. Hulewa, hulala, huamka. Balaa huja baadaye, mara nyingi baada ya saa 12 hadi 24, ini likishaigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki. Asidi hiyo huzuia chembe za mwili kutumia oksijeni, damu huchachuka, na neva za macho huharibika. Mililita 30 zinaweza kuua mtu mzima; hata pungufu ya hapo zinaweza kumpofusha.

Kufikia usiku walilala wawili wawili kitandani, wengine sakafuni, wakihema kama waliotoka mbioni. Mwanamume mmoja aliniuliza, "Sista, mbona stima zimepotea?" Taa zote zilikuwa zinawaka.

Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa ethanoli, pombe yenyewe. Ini hushughulika nayo kwanza, na methanoli hukaa bila kugeuzwa hadi itolewe na mwili au na mashine ya kusafisha damu. Mama mmoja alinishika mkono: "Binti yangu, pombe ndiyo imemlaza hapa, nawe unamwongezea?" Nilimweleza polepole. Akakubali. Mwanawe alipona, lakini macho hayakurudi.

Zaidi ya watu 130 walikufa. Wengi waliwaita walevi, basi. Mimi niliwahudumia vibarua na baba za watu, waliouziwa sumu. Changaa ilikuwa marufuku tangu 1980, na kinywaji cha mafichoni hakipimwi na yeyote. Sheria ya 2010 iliiruhusu kwa leseni, lakini 2014 methanoli iliua tena makumi ya watu, Embu na kwingineko. Wakati huo nilikuwa mkuu wa zamu. Niliwaagiza manesi wamuulize kila mlevi anayeletwa, kabla ya jambo lingine lolote, kama anaona vizuri.